Muulize Mama Darubini: Ndege wa jangwa na makorongo ya Arizona

Toleo lililopita niligusia kwamba kila mwaka, kuanzia mwisho wa Aprili, nasaidia kuongoza makundi ya watazamaji wa ndege kusini-mashariki mwa Arizona, Marekani. Barua zimekuja nyingi, kutoka nyumbani na kutoka ughaibuni. Kwa wale wapya: mimi ni mzaliwa wa Lushoto, niliongoza wageni Tanga na Arusha kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Tucson. Huko kazi yangu ni mwongozaji wa pili. Natembea nyuma ya msururu, nabeba darubini kubwa ya miguu mitatu, nahakikisha hakuna aliyeachwa na kila mtu kaona. Barua ndefu nimezifupisha, wenyewe mniwie radhi.

Swali: Mama Darubini, umetoka Usambara, mahali ambapo watu wanavuka bahari kuja kuona ndege, ukaenda kuwatafuta jangwani. Mimi jangwa ninalolijua ni mchanga na mifupa. Huko kuna nini? (Mwalimu mstaafu, Korogwe)

Jibu: Shikamoo, mwalimu. Swali hilohilo aliniuliza mama yangu kwa simu mwaka wangu wa kwanza, nikashindwa kumjibu vizuri. Ngoja nijaribu tena.

Simama Mombo, ukiwa umeipa mgongo nyika, utazame juu. Hapo chini ni joto, mkonge, miiba na vumbi. Ukipanda gari la Lushoto, muda si mrefu uko kwenye ukungu unatafuta sweta. Ndege wengi wa chini hawapandi, wengi wa juu hawashuki, na ndiyo sababu milima yetu ina ndege ambao huwakuti popote pengine duniani. Arizona ya kusini-mashariki ni habari ileile. Tucson iko jangwani, mita mia saba na ushei juu ya usawa wa bahari. Mlima Lemmon unaouona ukiwa mjini unafika mita 2,792. Barabara ya kupanda huko inaanzia kwenye kaktasi, inapita majani makavu, mialoni na mitarakwa, inaishia kwenye misonobari na hewa ya baridi. Milima ya namna hiyo, Santa Catalina, Santa Rita, Huachuca, Chiricahua, wenyeji wanaiita visiwa vya angani, maana kila mmoja umezungukwa na ukame kama kisiwa kilivyozungukwa na maji. Makorongo ndiyo ngazi zake. Maji ya theluji na mvua yanashuka humo, miti mikubwa inaota kandokando, na ndege wanaotoka Mexico wanayafuata makorongo kama sisi tunavyofuata barabara ya lami.

Na jangwa lenyewe si mchanga mtupu, mwalimu. Jangwa la Sonora limejaa mimea. Mkubwa wao ni saguaro, kaktasi mrefu kama nguzo ya umeme, mwenye mikono iliyonyooshwa juu. Anakua polepole mno: miaka 50 hadi 70 inapita kabla mkono wa kwanza haujachomoza, na wengine huchelewa zaidi ya hapo. Kuna kigong'ota anayeitwa Gila anayetoboa tundu katika shina lake. Halafu hahamii siku hiyo. Anaondoka, anauacha mmea ukauke jeraha lake, mpaka ukuta wa tundu unakuwa mgumu kama kibuyu. Msimu unaofuata anarudi kulea humo. Akishamaliza, tundu linabaki, na anayelirithi ni bundi mdogo kuliko bundi wote duniani kwa uzito. Ana gramu 40 tu. Chukua yai dogo la kuku wa kienyeji mkononi, ndiyo uzito wake huo.

Tunamsubiri jioni. Jua likishazama tunasimama hatua kama thelathini kutoka kwenye saguaro, hakuna anayesema neno. Tundu ni jeusi. Kisha kuna kitu ndani ya weusi ule ambacho si cheusi sana, na ghafla unagundua kwamba ni uso unaokutazama, macho ya manjano, nyusi nyeupe nyembamba. Anakaa hivyo dakika tano, kumi, akilipima giza. Halafu anatoka bila sauti kwenda kuwinda wadudu na nge. Nimeona wanaume wazima wakifuta machozi hapo. Hiyo ndiyo mifupa na mchanga niliyoifuata, mwalimu.

Swali: Mimi ni nesi Minneapolis, nina likizo ya siku nane tu na wanangu watabaki kwa dada yangu. Niende wiki gani? Na siku huwa inaanza saa ngapi? (Mama watatu, Minnesota)

Jibu: Dada, kama wiki ni moja tu, chukua wiki ya kwanza ya Mei. Mwanzoni mwa Aprili ndege wengi wa Mexico bado hawajafika kwenye makorongo. Kuanzia katikati ya Mei jangwa la chini linachemka kufika saa nne asubuhi, ingawa ndiyo wakati saguaro anachanua maua meupe kileleni. Wiki ya kwanza ya Mei unapata vyote kwa pamoja: wanaopita kwenda kaskazini bado wanapita, na wanaokuja kutaga wameshafika na wanaimba. Usidanganywe na jina la majira ya machipuko ukadhani ni kama masika yetu. Ni kiangazi kikavu chenye upepo mkali wa mchana. Mvua zao zinaanza Julai, na wapo wanaopendelea kwenda Agosti, jangwa likishakuwa kijani. Lakini umeniuliza wiki moja, nami nimekujibu moja.

Kwa kawaida safari ya siku nane inaanzia Tucson, inashuka Korongo la Madera kwenye milima ya Santa Rita, inapita mji mdogo wa Patagonia, inalala Sierra Vista siku mbili tatu kwa ajili ya makorongo ya Huachuca na Mto San Pedro, kisha inakwenda Portal, upande wa mashariki wa Chiricahua, karibu kabisa na mpaka wa jimbo la New Mexico. Mto San Pedro usiupite haraka. Unatoka Mexico unaelekea kaskazini, na sehemu ndefu ya kingo zake imehifadhiwa kisheria tangu 1988. Nje ya kingo ni vichaka vikavu. Ndani yake ni mipopla mirefu yenye kivuli, na juu yake kipanga wa kijivu anapiga mluzi.

Siku inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mapema Mei jua linachomoza kama saa kumi na moja na nusu, na saa mbili za mwanzo ndizo zenye uimbaji. Mchana tunapumzika, jioni tunatoka tena, na mara mbili au tatu tunatoka usiku kusikiliza bundi. Ukifika Portal, zima saa ya simu inayojirekebisha yenyewe. Arizona haibadilishi saa majira ya joto lakini New Mexico inabadilisha, na pale simu hushika mnara wa ng'ambo ya mpaka na kuruka saa nzima mbele. Mwaka fulani nusu ya kundi langu walisimama nje ya mlango wa chakula gizani wakitetemeka, saa moja kabla ya wakati. Tangu hapo naandika saa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni.

Swali: Dada, mambo? Naongoza watalii Arusha na sasa najifunza ndege. Hapa wengi tunamwita ndege kwa kupiga sauti yake kwenye simu. Mgeni anataka picha, na bakshishi inategemea picha. Huko wanafanyaje? (Mwongozaji, Arusha)

Jibu: Poa, mdogo wangu. Umeuliza jambo linaloniuma, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unapopiga sauti ya dume mahali anapoishi dume, hujamwita kama unavyomwita jirani kunywa chai. Umemwambia kuna mwizi ndani ya nyumba yake. Anaacha kula, anaacha jike, anaacha yai likipoa, anakuja kupigana na mtu asiyeonekana. Mara moja, kwa sekunde chache, pengine anasahau. Lakini fikiria korongo moja lenye jozi chache, na makundi manne kila siku, kila kundi na simu lake, wiki sita mfululizo. Ndiyo maana kwenye South Fork, tawi la Korongo la Cave Creek pale karibu na Portal, kupiga sauti zilizorekodiwa ni marufuku.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa kwenye korongo jingine, ambako marufuku hayo hayakuwapo. Tulishamsikia trogoni, ndege wa makorongo nitakayemweleza zaidi mwishoni, akiita juu ya kijito, tukakaa kwenye mawe kumsubiri. Likaja kundi jingine, na kiongozi wake, ambaye simtaji wala kampuni yake, akatoa spika ndogo mfukoni akapiga. Trogoni akaja mara moja, nyekundu na kijani, kamera zikalia. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, ya nne, ya sita. Yule ndege alikuwa anaruka kutoka tawi hadi tawi, mdomo wazi, mkia unatetemeka. Mara ya mwisho hakujibu. Alipanda juu ya mwamba akavuka bonde, na siku mbili tulizobaki hatukumsikia tena pale. Mimi nilikuwa mgeni kazini nikanyamaza. Bado najilaumu kwa kunyamaza kule.

Basi tunafanyaje bila simu? Tunajifunza sauti zenyewe, mamia yake, mpaka ukiwa unakunywa kahawa unajua nani amefika. Tunajua mti gani una matunda wiki hii, dimbwi gani halijakauka, tundu gani lina vinyesi vipya chini yake. Tunawapanga wageni jua likiwa mgongoni, wafupi mbele. Halafu tunakaa. Dakika ishirini mahali pamoja penye maji zinakupa ndege wengi kuliko saa mbili za kutembea. Kwangu hiyo ndiyo kazi yote ya mwongozaji kwenye nchi kavu: kujua maji yalipo, na kuwafanya watu kumi wakubali kukaa.

Jambo moja la kitaalamu. Wazungu wanaelekeza kwa uso wa saa: mti ni saa, kilele ni kumi na mbili, ndege yuko saa tatu. Wao saa tatu ni mkono wa kulia. Sisi tukisema saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tisa, mkono wa kushoto! Nilipoteza ndege wawili watatu kabla sijaling'amua hilo. Nikiwa na Waswahili nasema: shina, tawi la pili kulia, nusu ya tawi, nyuma ya jani lililokauka. Hakuna anayekosea.

Na bakshishi? Mgeni anayeonyeshwa kwa nini ndege yuko hapo, anatoa. Sijawahi kulala njaa kwa sababu sikupiga sauti kwenye simu.

Swali: Assalaam alaykum mwanangu. Wazee wangu walitoka Unguja, sisi tuko Maskati. Tukienda Salalah naona ndege wadogo weusi wanaong'aa wakinyonya maua, marehemu bibi yetu akiwaita chozi. Mjukuu wangu ananionyesha picha za ndege wa Amerika wanaonyonya maua vilevile. Si chozi hao hao? (Mzee, Maskati)

Jibu: Waalaykumu ssalaam, shikamoo mzee wangu. Bibi alikuwa sahihi, hao wa Salalah ni chozi. Wa Amerika si chozi, ingawa ukimwona harakaharaka utaapa kwamba ni yeye. Huyo naweza kumwita ndege mvumaji, maana mabawa yake yanavuma kama nyuki. Ukoo wake wote, spishi zaidi ya 300, uko mabara ya Amerika tu. Ndugu zake wa karibu ni teleka, wale wanaokata hewa juu ya mapaa wakifanana na mbayuwayu. Chozi ni ndege mwimbaji, ukoo tofauti kabisa. Ua lenye asali ndilo lililowafananisha: wote wawili walihitaji mdomo mrefu mwembamba na ulimi wa kufyonza, na wote wawili wakaupata, kila mmoja kwake.

Mtazame akila, utaona tofauti. Chozi kwa kawaida anatua, anashika kijiti, anainama. Mvumaji anasimama hewani, anarudi nyuma hewani, anahamia ua la pili bila kugusa kitu, kwa sababu bega lake linazungusha bawa zima. Kazi hiyo inakula nguvu nyingi sana kwa mwili wa gramu tatu au nne. Usiku wa baridi kwenye makorongo anaweza kuuzima mwili wake karibu wote, moyo ukapiga taratibu, joto likashuka, mpaka alfajiri anapojitetemesha ili auwashe tena.

Patagonia kuna ua wa nyumba moja ambao kila safari yetu inasimama. Wenyewe walikuwa mume na mke, Wally na Marion Paton. Walitundika vyombo vya maji ya sukari, wakafungua geti kwa yeyote, wakaweka viti, na kopo la kuchangia sukari. Basi. Walipofariki wote, nyumba ilinunuliwa mwaka 2014 kwa michango, na sasa ni ya chama cha ndege cha Tucson. Geti bado liko wazi. Anayefuatwa zaidi pale ni mvumaji mwenye utosi wa zambarau, koo jeupe na mdomo mwekundu, ambaye ndani ya Marekani haonekani sehemu nyingi. Nilikaa pale asubuhi moja, mvumaji wa aina nyingine akatua kwenye waya, hatua moja kutoka kwenye uso wangu. Koo lake lilikuwa jeusi kabisa. Akageuza shingo kidogo tu, na lile jeusi likawaka buluu kama makaa yanayopulizwa, akageuza tena, likazima. Rangi ile haiko kwenye unyoya kama rangi ya kanga. Ni mwanga unaovunjika kwenye unyoya, na unauona tu ukiwa pembe moja naye. Halafu akatoa ulimi, mweupe, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, akaurudisha.

Mwambie mjukuu kipimo ni sukari nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nne, bila rangi. Lakini Maskati hamtapata mgeni wa aina hiyo, mzee wangu. Chozi wenu wapandieni maua.

Swali: Mama, jambo. Sisi tulitoka Kongo, tukapita kambi ya Nyarugusu, sasa tuko hapa Tucson mwaka wa sita. Mimi natumika usiku kwenye ghala. Naona watu na darubini zao, magari mazuri. Hizo safari ni bei kali. Sisi nasi tunaweza, ao ni mambo ya wazungu? (Kijana, Tucson)

Jibu: Jambo sana, mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili. Unaishi mahali ambapo watu wanakata tiketi ya ndege kuja kupaona, na unatoka kazini saa ileile ndege wanapoamka. Ni wewe mwenye bahati.

Usilipe safari. Nenda Sweetwater Wetlands, upande wa magharibi wa mji. Ni mabwawa yaliyotengenezwa kusafisha maji taka ya jiji, hakuna kiingilio, na hakuna harufu ya kukukimbiza. Jangwani, penye maji ndipo pana kila kitu. Utaona mabata, utaona kigong'ota wa Gila niliyemweleza mwalimu, na ukitulia utaona ndege wa kahawia mwenye mistari, mkia mrefu, kishungi kichwani, anayekimbia barabarani kuliko kuruka. Anaua mijusi, hata nyoka. Huyo ni wa ukoo wa kekeo, jamaa ya dudumizi aliyekuwa akilia mvua ikikaribia kule ulikotoka. Tazama nyayo zake kwenye vumbi: vidole viwili mbele, viwili nyuma, alama kama herufi X, huwezi kujua alikuwa akienda au akirudi.

Chama cha ndege, Tucson Bird Alliance, kinapanga matembezi ya bure, na wanaokwenda mara ya kwanza wanaachiwa watazame na mwenye darubini. Omba, watakupa. Kwenye simu weka programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, nayo ni bure. Inasikiliza sauti na kukuambia ni nani anayeimba. Iamini nusu, nusu nyingine tafuta kwa macho.

Kuhusu mambo ya wazungu. Ndiyo, mara nyingi nimekuwa mweusi peke yangu kwenye njia, na nimeulizwa kama nimepotea. Watazamaji weusi wa Marekani waliona vilevile, ndiyo maana mwaka 2020 wakaanzisha wiki yao wenyewe, mwishoni mwa Mei. Siku hizi nikimkuta mmoja wetu kwenye korongo tunasalimiana kama ndugu wa ukoo.

Ila sikiliza: ukienda na rafiki mwenye gari kusini, kuelekea Patagonia au Sierra Vista, beba kitambulisho chako chenyewe, kadi ya ukaaji au chochote ulicho nacho kihalali, si picha yake kwenye simu. Barabara za kutoka mpakani zina vizuizi vya askari wa doria, na gari lenye watu weusi wenye lafudhi linaulizwa. Toa karatasi, jibu, endelea na safari.

Swali: Nina miaka 68 na magoti mabovu. Nipo Mombasa, mwanangu wa Texas anataka kunipeleka. Nitaweza kweli? (Mama, Kisauni)

Jibu: Shikamoo mama. Utaweza, tena vizuri. Robo ya ndege wa safari nzima nawaona nikiwa nimekaa kwenye benchi mbele ya vyombo vya sukari na mbegu. Kwenye Korongo la Madera mabenchi yako kando ya barabara. Lakini mwambie mwanao asikuandikishe kwenye safari iliyoandikwa kwamba inapanda Carr Canyon kwa miguu. Aulize maneno haya kamili: kwa siku tunatembea kilomita ngapi, na njia ina mawe? Wakisita kujibu, atafute wengine.

Fimbo ya kutembelea, kofia pana, viatu vilivyofunika vidole. Maji unywe kabla ya kiu, lita nne kwa siku, maana jasho linakauka kabla hujaliona na unajidanganya kwamba hutoki jasho. Weka na kitana kikubwa mfukoni, si cha nywele. Kuna kaktasi anaitwa cholla, vipande vyake vinang'ang'ania kiatu au suruali ukipita tu karibu. Usivishike kwa mkono. Ingiza kitana kati ya kipande na nguo, ukirushe mbali nawe.

Darubini mwambie akununulie yenye namba 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wanakimbilia 10, lakini inakuza hata mtetemo wa mkono, na kwenye kivuli cha korongo mwanga ni bora kuliko ukubwa.

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 11, nasoma Moshi. Ndege gani mmoja ulimpenda kuliko wote huko? (Mwanafunzi, Moshi)

Jibu: Marahaba mwanangu. Ni trogoni, yule niliyemweleza kaka wa Arusha. Nikueleze siku moja tu.

Ilikuwa South Fork, mwezi wa tano, asubuhi ya baridi. Kijito chembamba, na kando yake miti mikubwa yenye maganda meupe yanayobanduka, yenye matundu ya zamani ya vigong'ota. Trogoni hawezi kutoboa tundu lake mwenyewe, anategemea hayo. Kwenye kundi tulikuwa na bibi wa miaka 79 ambaye alishakuja Arizona mara mbili akaondoka bila kumwona. Tulimsikia kwanza. Haimbi vizuri, mwanangu; anakoroma, kama chura mkubwa anayejaribu kubweka. Mwenzangu alinyoosha kiganja chini, maana yake kaeni. Tukakaa kwenye mawe. Nusu saa ikapita. Koroma, kimya, koroma, kimya.

Trogoni ana tabia moja: akitua hachezi hata kidogo, na mara nyingi anakupa mgongo. Mgongo wake ni kijani kama majani. Kwa hiyo alikuwa hapohapo mbele yetu muda mrefu na hakuna aliyejua. Kiwavi akasogea kwenye jani. Sehemu ya majani ikageuza kichwa, na pale nikaona mdomo wa manjano na duara jekundu kuzunguka jicho. Nikasogeza darubini kubwa, nikamshika yule bibi bega, nikamwonyesha pa kutazama. Alikuwa bado ameinama pale ndege aliporuka kumchukua kiwavi na kurudi kutua akiwa amegeukia upande wetu: kifua cha kijani, mkanda mweupe mwembamba kama uzi, kisha tumbo lote jekundu, lile jekundu la ua la mkrismasi. Bibi hakusema kitu. Alinipapasa mkono wangu, akaushika, akaendelea kutazama.

Sasa nakwambia jambo zuri. Afrika ina trogoni watatu, na mmoja wao, anayeitwa Narina, yupo Hifadhi ya Taifa ya Arusha, si mbali na kwenu. Naye ni kijani mgongoni, mwekundu tumboni, ila hana ule mkanda mweupe. Sauti yake ni ya chini, huu-huu, huu-huu, inarudiwa polepole na kupanda. Ukienda na shule, mkaisikia msituni, mwombe mwalimu mkae chini. Halafu niandikie. Niambie alikuwa amewapa mgongo au tumbo.